Kura ya Mama Brightness

Wagombea walikuwa hamsini na wanne, na jimbo lilikuwa moja. Ukumbi uliokodiwa ni ule wa harusi kule Msimbazi, viti vyake vimevalishwa vitambaa vyeupe na utepe wa dhahabu mgongoni, kwa hiyo wajumbe waliokuja kumchagua mtu wa kupeperusha bendera ya chama kwenye ubunge walikaa kama wageni wanaosubiri maharusi. Euphrasia alikaa safu ya tisa, kiti cha pili kutoka njiani. Alivaa kitenge chake cha kijani na viatu bapa, maana alijua siku itakuwa ndefu na miguu yake huvimba. Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja wa ujumbe, kupitia jumuiya ya wanawake. Mumewe, Ansbert, hakuwa mjumbe. Yeye alikuwa mgombea. Wagombea waliwekwa mbele kabisa, suti zimewakaba katika joto lile la Dar, kila mmoja na karatasi yake mkononi.

Kila mtu alipewa dakika mbili. Ansbert alikuwa amejifunza zake kwa siku kumi mbele ya kioo cha kabati, binti yao Brightness akimpimia muda kwa simu. Alipopewa kipaza sauti alikishika kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika kikombe cha uji wa moto.

"Ndugu wajumbe, mimi nauza vifungo, zipu na nyuzi mtaa wa Sikukuu, mwaka wa thelathini huu. Mbele ya duka langu kuna mfereji. Umeziba tangu binti yangu yuko sekondari, sasa hivi ni mtu mzima na kazi yake. Nimekwenda ofisi ya mbunge mara nne. Mara nne nimeambiwa mheshimiwa yuko Dodoma. Mkinichagua na mimi nitakuwa Dodoma, siwadanganyi. Ila mfereji utakuwa umezibuliwa kabla sijapanda basi."

Watu walicheka, kicheko kizuri. Kengele ikalia kabla hajamaliza habari ya taa za barabarani. Akarudi kukaa, akajifuta jasho shingoni, akageuka kutafuta safu ya tisa. Euphrasia alimwitikia kwa kichwa.

Nyumbani hakuna aliyesema Ansbert atashinda, hata yeye mwenyewe. Hesabu yake ilikuwa nyingine. "Nikipata ishirini tu," alikuwa akisema huku anapanga rola za uzi, "mtendaji wa kata hawezi tena kuniambia nikae benchi. Mtu mwenye kura ishirini anapewa kiti." Hicho ndicho alichokuwa anakitafuta, kiti. Na wa kuanzia walikuwepo. Kikundi chao cha kuzikana, cha watu wa Kibosho wanaoishi katikati ya mji, kilikuwa na wajumbe wanane ndani ya ukumbi ule. Jumapili iliyopita baada ya misa walikuja wote nyumbani, wakanywa chai na chapati, na kabla ya kuondoka kila mmoja alimshika Ansbert mkono. "Kaka, ya kwangu ni yako." Mara nane. Brightness alikuwa anahesabu kutoka jikoni.

Mgombea namba ishirini na nne alikuwa jirani yao, Kantilal. Nyumba yao ya ghorofa ina maduka mawili chini, la vifungo la Ansbert na la mapazia la Kantilal, na juu wanatazamana kwa milango, ngazi moja. Kantilal alikuwa na miaka sabini na miwili, amezaliwa hapo hapo, na alipopewa dakika zake mbili alitumia moja tu. "Mimi nimezaliwa Kariakoo, wazazi wangu walipokufa wamechomewa hapa hapa mjini, sina kwingine kwa kwenda. Nikifanya vibaya mtanikuta dukani." Watu walimpigia makofi mengi, makofi yale ya kumpigia mzee.

Kisha zikagawiwa karatasi za kura, zenye majina yote hamsini na manne, mstari kwa mstari.

"Mwenzangu wewe kazi yako nyepesi," alisema Fatuma, mjumbe mwenzake aliyekaa kulia, mama mnene mcheshi mwenye genge la nazi. "Mimi hapa nina wanaume hamsini na wanne wa kuwachambua. Wewe unaye mmoja tu, unajua hata anavyokoroma."

Euphrasia alitabasamu, akainamia karatasi. Namba tatu, Ansbert Aristides Tarimo. Aliweka ncha ya kalamu pembeni ya jina hilo, ikabaki pale.

Asubuhi ile, kwenye ngazi, mke wa Kantilal alikuwa amemsimamisha. Jasvanti, ambaye majirani humwita Mama Falguni, alishuka ngazi mbili akiwa na ndala, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho, yeye hatoki mlangoni bila viatu.

"Mama Brightness, ngoja kidogo. Mzee wangu hana mtu mle ndani."

"Nani hamjui Bwana Kantilal?"

"Kujulikana siyo kupigiwa kura. Mimi nimehesabu kwa vidole. Vidole vyote vimebaki wima, hakuna hata kimoja cha kukunja." Alionyesha mikono yake yote miwili. "Ana presha. Akisomewa sifuri mbele ya umati ule, mimi nitampandisha ngazi hizi vipi? Mumeo ana watu wenu, wale wa kuzikana. Sikuombi ashinde, mama. Moja tu, isisomwe sifuri."

Euphrasia alimjibu, "Mungu atasaidia, Mama Falguni," na akaendelea kushuka. Ni jibu ambalo mtu huwa analitoa akiwa hataki kusema hapana.

Sasa alihesabu yeye. Wanane wa Kibosho, na yake ya tisa. Akiiondoa yake zinabaki nane. Kati ya nane na tisa kuna nini? Hakuna mtu anayepewa kiti kwa tisa akanyimwa kwa nane. Lakini kati ya sifuri na moja pana umbali ambao mzee wa presha hawezi kuuvuka. Aliiona hesabu hiyo imenyooka kabisa. Kalamu ikashuka hadi mstari wa ishirini na nne, akaweka alama ya vema, akakunja karatasi mara mbili.

Kuhesabu kulichukua saa tatu na ushee. Wajumbe walipewa biriani kwenye vifungashio na soda ya moto. Halafu msimamizi akapanda jukwaani na karatasi yake ndefu, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Namba moja, sifuri. Namba mbili, kumi na nne. Namba tatu, Ansbert Aristides Tarimo." Akasogeza karatasi karibu na macho. "Sifuri."

Watu walicheka kidogo, kama walivyocheka kwa namba moja. Kisha kicheko kikakatika, na hapo ndipo Euphrasia alipojua kwamba kuna mtu ameshakumbuka. Fatuma aligeuza shingo polepole. Safu ya nane wakageuka. Mtu alinong'ona, mwingine akauliza nani, wa kwanza akaonyesha kwa kidevu. Wagombea waliopata sifuri walikuwa wengi siku hiyo, kumi na tisa kwa jumla, lakini hao wengine hawakuwa na mke ndani ya ukumbi.

"Nane," alijisemea Euphrasia. "Zilikuwa nane." Alitazama kule walikokaa watu wa Kibosho. Aliona visogo vitupu.

"Namba ishirini na nne, Kantilal. Moja."

Kantilal alisimama, akaweka mkono kifuani, akainama kwa ukumbi mzima. Alipigiwa makofi.

Mheshimiwa mbunge, aliyekuwa anatetea kiti chake, alipata mia tatu na kumi na mbili. Watu walisimama wakaimba. Euphrasia naye alisimama, maana kubaki ameketi kungeonekana, akapiga makofi.

*

Walirudi kwa miguu. Ansbert alitembea mbele hatua mbili, koti la suti mkononi, akikwepa mikokoteni na mabelo ya mitumba kama siku zote. Walipofika mtaa wa Sikukuu ndipo aliposimama.

"Nimesahau karatasi yangu kwenye kiti," alisema.

"Turudi?"

"Ya nini."

Brightness alikuwa amepika. Yeye anafanya kazi duka la dawa kule Posta, na siku hiyo aliomba ruhusa arudi mapema. Alikuwa ameshaona kila kitu kwenye simu, majina na namba, yamepigwa picha na kusambazwa kabla wazazi wake hawajatoka ukumbini.

"Shikamoo baba. Pole."

"Marahaba." Akachukua funguo kwenye msumari, akashuka dukani, akainua lango nusu, akaingia kwa kuinama. Alikaa humo hadi walipomaliza kula.

Usiku huo alilala kwenye kochi. Hakugombana, hakufoka, hakuuliza. Alisema mgongo unamsumbua na kochi ni gumu, linamfaa. Asubuhi alioga, akashuka, na saa saba mchana Euphrasia alimwona kutoka dirishani anakula wali maharage kwa mama ntilie wa kona, amesimama. Mwanamume ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kula cha mchana nje, akidai chakula cha barabarani kina vumbi. Sahani yake ilifunikwa mezani hadi jioni. Siku ya pili ikafunikwa tena. Siku ya tatu Euphrasia alipika kidogo.

Dukani watu walikuja kama kawaida, mafundi cherehani wengi, na wengine hawakuwa na shida ya kifungo. Rajabu, kijana anayetandika mikanda na pochi kwenye kibaraza cha duka, ndiye aliyefungua mlango wa utani.

"Mheshimiwa, salama?"

"Salama."

"Nasikia mama ni mjumbe. Kalamu iliishiwa wino au?"

Ansbert alikuwa anapima lastiki kwa rula ya mbao. Alimaliza yadi tatu, akakata, akakunja.

"Fundi, unataka na zipu?" alimwuliza mteja.

"Nataka, ya inchi nane. Bei ya mwisho shilingi ngapi, Mheshimiwa? Usiniambie sifuri tu."

Wakacheka, na Ansbert akamtajia bei. Alimrudishia chenji sawasawa.

Jumatano maneno yakageuka. Mtu aliuliza, hivi kura ile moja ya Muhindi ilitoka wapi? Mwingine akajibu kwamba Kantilal na Ansbert wanatumia ngazi moja. Basi likawa hilo. Halikusemwa mbele ya Ansbert, lilisemwa kwenye kibaraza, kwa sauti ya kutosha. "Baba wa watu yuko chini anauza vifungo, kumbe juu huko." Ansbert alilisikia akiwa juu ya stuli anashusha boksi la vifungo vya shati, vile vya matundu manne. Alibaki juu pale muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

*

Alhamisi jioni watu wa Kibosho walikuja. Walikuja kama wanavyokuja kwenye msiba, kwa pamoja, wamevua viatu mlangoni, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, na wakakaa sebuleni bila kuegemea. Kikundi chao kina utaratibu huo, mwenzao akipatwa na jambo ni lazima waje kumpa pole ndani ya siku saba, na katiba yao haisemi jambo gani. Ansbert alikuwa dukani. Alipoitwa alisema ana wateja.

Severa, mwenyekiti wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani, ndiye aliyeanza.

"Mama Brightness, tumekuja. Jambo limetufika."

"Karibuni. Limetufika kweli."

Chai ikamiminwa. Kijiko cha sukari kikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyemtazama mwenzake, wakawa wanaitazama picha ya Moyo Mtakatifu ukutani.

"Sasa," alisema Euphrasia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya mchele. "Mlikuwa wanane. Mlimshika mkono hapa hapa. Zilikwenda wapi?"

Heriel, dereva wa bodaboda wa zamani ambaye sasa ana kiduka cha vipuri, alikuna goti.

"Mimi, mama, nisikufiche. Ofisi ya mheshimiwa inamshughulikia mwanangu barua ya kazi. Nikasema, moja yangu ikikosekana, Kaka Ansbert anazo saba. Na yako."

"Hata mimi," alisema dada mmoja kutoka kwenye kochi. "Nilisema wengine wapo."

"Nilijua ya mkewe ipo," alisema mwingine. "Nikasema hawezi kutoka bure."

Ikaenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotoa michango. Mmoja alimpa shemeji yake, mgombea namba arobaini. Mmoja alimpa kijana aliyeongea Kiswahili kizuri. Na mmoja akasema kwa uchungu kwamba alitaka sana kumpa Ansbert, ila alifikiri nane ni nyingi, ni vizuri kura zigawanyike. Severa alikuwa wa mwisho.

"Mimi nilimpa mheshimiwa kwa mazoea tu," alisema. "Mkono ulikwenda wenyewe. Nikasema, mke wake yupo." Akaweka kikombe chini. "Sasa na wewe, mama. Ya kwako uliipeleka wapi?"

Brightness alisimama kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi.

"Nilimpa Kantilal," alisema Euphrasia. "Mkewe aliniomba asisomewe sifuri. Nikasema, ninyi wanane mpo."

Nje mtu alikuwa anavuta mkokoteni, anapiga kelele aachiwe njia. Heriel alinyoosha mkono akachukua chapati nyingine, akaikunja, akaila yote.

"Watu tisa," alisema Brightness.

"Usimwambie," alisema Severa. "Nisikilize mimi, Mama Brightness. Msimamizi alisoma mwishoni kura zilizoharibika, zilikuwa sita. Sema ya kwako iliharibika. Sema uliweka alama kwenye jina lake, kisha mkono ukateleza ukagusa la pili. Nani atakwenda kuitafuta? Maneno ya kibaraza yatakufa, na mzee wako atarudi kula kwake. Sisi hatutafungua mdomo."

"Hatufungui," walisema wote.

Walifunga kwa sala fupi. Walipokuwa wanavaa viatu, Brightness alimshika mama yake kiwiko.

"Mama, mwambie baba ilivyokuwa."

"Nikimwambia, atasikia nilikuwa nayo mkononi nikampa mtu mwingine. Hii ya kuharibika ni kuteleza tu. Mtu husamehewa kuteleza."

"Na watu watauliza, ya Muhindi ilitoka kwa nani?"

Euphrasia alianza kukusanya vikombe.

*

Jumamosi Euphrasia alishuka dukani saa nne asubuhi. Alikuwa amelipanga neno lake tangu alfajiri, akilisema kimoyomoyo huku anamenya ndizi: ile kura yangu, Baba Brightness, iliharibika. Maneno machache tu. Aliingia kwa nyuma, kupitia uani, akasimama pembeni ya kabati la nyuzi. Mumewe alikuwa anamhudumia fundi mmoja wa Buguruni aliyetaka vifungo vya sare za shule, dozeni arobaini. Rajabu alikuwa kwenye kibaraza chake, mkanda begani.

"Baba Brightness."

"Mm."

"Nina neno. Ile kura yangu..."

"Naam." Hakugeuka. Mikono yake iliacha kuhesabu vifungo.

Hapo akaingia Kantilal. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkononi ana boksi la kadibodi la peremende za maziwa, zile ambazo kwao hugawiwa mtoto akizaliwa au akifaulu. Aliliweka juu ya meza ya kioo, juu ya vifungo vyenyewe.

"Ansbert, bhai, ndugu yangu. Nimechelewa. Mke wangu ameniambia jana tu, alikuwa anaogopa." Alipumua, maana ngazi zilikuwa zimemchosha. "Mimi niliporudi siku ile nilimwambia Jasvanti, kuna mtu mmoja katika jimbo zima amenikumbuka. Nimefurahi wiki nzima. Nilikuwa nawatazama watu njiani nasema, ni huyu? Ni yule? Kumbe mlango wa pili."

Fundi wa Buguruni aliacha kuangalia vifungo vyake. Rajabu alishusha mkanda.

"Jana anasema, ni Mama Brightness, alimwomba kwenye ngazi asubuhi ile. Nikamwambia Jasvanti, wewe huelewi. Hakuna mke atakayemnyima mumewe kura akampa jirani hivi hivi, kwa akili yake. Huyo ametumwa. Ansbert amejinyima mwenyewe ili mimi mzee nisiaibike. Yeye akala sifuri, mimi nikala moja." Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo. "Miaka thelathini ngazi moja. Ulimtuma, ndiyo?"

Euphrasia aliitazama sakafu. Palikuwa na kifungo kimoja cha bluu kimeanguka karibu na mguu wa stuli. Alitaka kuinama akiokote, mgongo ukakataa.

Ansbert alilitazama boksi. Halafu akamtazama mkewe, kwa mara ya kwanza tangu ukumbini, akamtazama kama anavyotazama noti aliyopewa na mtu asiyemjua. Mtazamo huo haukuwa mrefu. Akageuka.

"Ndiyo," alisema. "Nilimtuma."

"Nilijua," alisema Kantilal. Alimshika mikono yote miwili juu ya meza, akaitikisa. Akafungua boksi mwenyewe, akampa Ansbert peremende, akampa fundi, akampa Euphrasia, akatoka hadi kibarazani kumpa Rajabu, na akaondoka taratibu kwenda kufungua duka lake.

Rajabu alitafuna, akameza.

"Kwa hiyo Baba Bright, sifuri umejipiga mwenyewe."

"Mwenyewe."

"Basi wewe hufai hata ubalozi wa nyumba kumi."

"Sifai," alisema Ansbert. Akamgeukia fundi. "Dozeni arobaini tulifika ngapi?"

"Kumi na saba."

"Tuanze upya."

Euphrasia alibaki pembeni ya kabati hadi fundi alipolipa na kuondoka. Alifungua mdomo. Ansbert alikuwa anafunga kamba ya boksi la peremende, fundo juu ya fundo, na hakumpa nafasi ya kuona uso wake. Euphrasia akarudi juu kwa njia ile ile ya uani.

Kabla ya adhuhuri kibaraza kizima kilikuwa na habari mpya. Mtu amejipiga sifuri kwa ajili ya jirani, umeona wapi mjinga wa namna hiyo? Walicheka, lakini jina la Mama Brightness halikuwa tena ndani ya kicheko hicho. Lilikuwa limebaki la Ansbert peke yake.

*

Saa saba na nusu aliposikia hatua zake kwenye ngazi, Euphrasia alifikiri amefuata kitu. Ansbert aliingia, akavua viatu, akaenda kunawa mikono kwenye beseni la kona, akaja akavuta kiti chake. Brightness alimtazama mama yake, kisha akanyanyuka akaongeza sahani.

Palikuwa na ndizi za nyama, mchuzi kwenye bakuli, na mchicha. Euphrasia alikuwa ameendelea kupika kidogo, za kuwatosha wawili. Alimpakulia zake. Yeye akachukua mchicha.

Ansbert alikula. Hakuonyesha njaa wala hasira, alikula kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea, ndizi baada ya ndizi, akiweka mifupa pembeni ya sahani. Nje walisikika wapiga debe na muuza sumu ya panya na kipaza sauti chake. Harufu ya mfereji ilipanda kupitia dirishani kama kila siku ya joto.

"Wale wanane," alisema bila kuinua kichwa. "Walikuja kusema nini?"

"Kila mmoja alifikiri wenzake watakupa. Na wote walifikiri nitakupa mimi."

"Na wewe ulifikiri watanipa wao."

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa. Alitafuna, akameza, akanywa maji nusu glasi.

"Ungeniambia," alisema. "Mama Falguni alipokusimamisha kwenye ngazi. Nilikuwa nafunga tai hapa ndani. Ungerudi ukaniambia."

"Ningerudi nikakuambia," Euphrasia aliuliza, "ungesema nimpe?"

Ansbert aliweka kijiko chini. Alilifikiria jambo hilo kwa haki, kama mtu aliyeulizwa na hakimu, akiutazama mlango uliokuwa wazi, na mlango wa Kantilal ng'ambo ya ngazi.

"Hapana," alisema.

Akavuta bakuli la mchuzi upande wake.